Kipande, teksi za New York na namba yako ya M-Pesa

Wasee, leo tunarudi nyuma hadi mashamba ya walowezi ya Njoro na Naivasha, mwaka wa 1920. Stori ni ya simu yako, ngoja tu.

Wakati huo serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kutekeleza sheria yake ya usajili ya 1915. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye namba, alama za vidole na rekodi ya mwajiri, ndani ya kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Ukitoroka shamba la mzungu ungeweza kujiita jina lolote, lakini kidole ni kilekile. Nairobi kulikuwa na faili za alama hizo, karani analinganisha tu. Na hapa ndipo penye utamu: alama yenyewe haijui jina lako. Faili ndiyo ilikuchoma. Si ajabu Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande vikali, hadi akakamatwa Machi 1922.

Sasa, heshi. Watu wa kompyuta huiita alama ya kidole ya data. Unachukua neno, namba au hata filamu nzima, unapitisha kwenye hesabu fulani, inatoka mlolongo wa herufi na tarakimu. Ile maarufu, SHA-256, hutoa 64 kila mara. Badilisha tarakimu moja tu na jibu lote linageuka. Kuirudisha nyuma haiwezekani, kama unga hauwezi kurudi kuwa mahindi.

Lakini nani alisema lazima urudi nyuma? Unapiga heshi ya kila jibu linalowezekana, unaweka orodha, kisha unatafuta ile uliyonayo, kama yule karani wa Nairobi.

New York walijifunza hivyo 2014. Jiji lilitoa data ya safari za teksi zaidi ya milioni 173, namba za magari na leseni za madereva zikiwa zimefichwa kwa heshi ya kizamani, MD5. Mhandisi Vijay Pandurangan aliona kwamba namba zinazowezekana ni chache. Saa chache za kompyuta, zote zikawa wazi.

Turudi Nakuru. Unalipia chipsi Kenyatta Avenue kwa namba ya biashara. Zamani mwenye duka aliona jina na namba yako nzima, na wasichana wengi wanajua zile meseji za "mambo mrembo" usiku zilitoka wapi. Ikaja Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na baadaye Safaricom wakaanza kupunguza wanachoonyesha. Katika toleo moja la mfumo unaounganisha programu za biashara na M-Pesa, namba ya mteja ikawa inafika kama heshi ya SHA-256.

Piga hesabu nami. Namba za simu Kenya huanza na 07 au 01, kisha tarakimu nane. Jumla ni milioni 200, hata ukiweka zile ambazo hazijauzwa. Laptopu ya mwanafunzi wa Egerton inapiga heshi zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Hiyo ni kazi ya dakika, na orodha nzima inatosha kwenye flashi ya GB 16. Madevu wa hapa nyumbani walishaifanya kitambo.

Dawa ni ya zamani kuliko M-Pesa yenyewe. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza kuhusu chumvi: unachanganya herufi za ziada kabla ya kupiga heshi, na orodha iliyotengenezwa mapema inakuwa takataka. Kwa namba za simu chumvi hiyo lazima iwe siri, la sivyo mtu anapiga upya tu. Mimi ningependelea kufuta tarakimu za katikati kabisa. Kilichofutwa hakina orodha.

Sheria yetu inasema taarifa inayoweza kukutambulisha ni data yako binafsi. Kwa hivyo duka likiuza heshi za wateja wake bila kuwauliza, kwangu mimi limeuza namba zao.