Wimbo wa Leo Si wa Jana: Bob Dylan Jukwaani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika maneno haya ubaoni, na wanafunzi wayasome kwa sauti kabla hatujaanza.

SANTURI: sahani nyeusi iliyotiwa sauti ya muziki.
JUKWAA: mahali palipoinuliwa ili mwimbaji aonekane na watu wote.
KUZOMEA: kupiga kelele za kumdharau mtu hadharani.
MKONGWE: mtu aliyeifanya kazi yake kwa miaka mingi.
SHAHIDI: mtu aliyeona au kusikia jambo yeye mwenyewe.

Vema. Sasa sikilizeni.

Leo tutasoma habari za Bob Dylan, mwimbaji mkongwe wa Marekani. Tutauliza swali moja. Kwa nini mtu mmoja, mwenye nyimbo zilezile, aimbe vizuri sana usiku mmoja, na usiku mwingine watu waliolipa watoke wakinung'unika? Anayenunua kiti dukani hukitazama kwanza, akakikalia, ndipo akalipa. Lakini anayenunua tiketi ya muziki hulipia kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Je, mwimbaji ana deni gani kwake?

Bob Dylan alizaliwa tarehe 24 Mei 1941 katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota. Wazazi wake walimpa jina la Robert, na jina la ukoo ni Zimmerman. Alikulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma. Januari 1961, akiwa na umri wa miaka 19, alikwenda New York, akaanza kuimba katika vilabu vidogo. Vyombo vyake vilikuwa viwili tu: gitaa kavu, yaani gitaa lisilotumia umeme, na kinanda cha mdomo alichokitundika shingoni ili mikono yake ibaki na nafasi ya kupiga gitaa.

Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1962. Aliimba nyimbo za jadi za Wamarekani, kisha akatunga zake mwenyewe juu ya vita na juu ya haki za watu weusi. Tarehe 28 Agosti 1963 aliimba Washington, katika mkutano uleule ambao Martin Luther King alitoa hotuba yake mashuhuri. Basi watu wengi wakamwona kuwa ni sauti yao. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, kwa maana watu wakishamwona mtu kuwa ni wao, hawapendi abadilike.

Tarehe 25 Julai 1965 Dylan alipanda jukwaani katika tamasha la nyimbo za jadi mjini Newport, jimbo la Rhode Island. Safari hii alishika gitaa la umeme, na nyuma yake ilikuwapo bendi. Walikuwa wamefanya mazoezi kidogo tu. Walipiga nyimbo tatu kwa sauti kubwa, wakashuka. Watu wengine walishangilia, wengine wakazomea. Baadaye Dylan alirudi peke yake na gitaa kavu, akaimba nyimbo mbili.

Kwa nini walizomea? Mashahidi hawakubaliani. Wako wanaosema watu walichukia umeme. Wako wanaosema vipaza sauti vilikuwa vibaya. Wengine husema watu walikasirika kwa sababu nyimbo zilikuwa chache mno. Pete Seeger, mwimbaji aliyeheshimiwa sana katika tamasha lile, alieleza miaka ya baadaye kwamba kilichomkasirisha si gitaa la umeme, bali ni kwamba maneno ya nyimbo hayakusikika. Wanafunzi, angalieni jambo hili. Mashahidi hawa walikuwa mahali pamoja, usiku mmoja, na hata hivyo habari zao si moja. Kwa hiyo msomaji wa historia hapokei neno la shahidi mmoja akafunga daftari.

Mwaka uliofuata Dylan alisafiri nchi nyingi. Kila usiku aliimba nusu ya kwanza peke yake na gitaa kavu, na nusu ya pili pamoja na bendi. Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, Uingereza, msikilizaji mmoja alipaza sauti akamwita Yuda, yaani msaliti. Dylan hakushuka. Aliwageukia wenzake, wakapiga wimbo wa mwisho kwa nguvu kuliko zote zilizotangulia.

Sauti za usiku ule zilinaswa. Kwa miaka mingi nakala zake ziliuzwa kwa siri, zikiwa na maandishi kwamba ni muziki wa ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Hayo hayakuwa kweli. Mwaka 1998 kampuni ya santuri ilipoutoa muziki huo kwa halali, ilieleza kwamba ulipigwa Manchester. Leo wajuzi wengi huuhesabu usiku ule kuwa miongoni mwa nyakati zake bora. Basi, kuzomewa peke yake si dalili ya kuimba vibaya.

Tarehe 29 Julai 1966 Dylan alianguka na pikipiki karibu na Woodstock, jimbo la New York. Baada ya hapo alionekana jukwaani mara chache tu, mpaka Januari 1974 alipofanya tena safari kubwa nchini Marekani. Mwaka 1979 alianza kuimba nyimbo za dini ya Kikristo peke yake, akaziacha zile za zamani. Watu waliokuja kusikia nyimbo walizozizoea walirudi nyumbani bila kusikia hata mmoja.

Sasa tutazame usiku ambao kweli ulikuwa mbaya. Tarehe 13 Julai 1985 ilifanyika michezo mikubwa ya muziki, London na Philadelphia, ili kupata fedha za kuwasaidia watu wa Ethiopia waliokuwa wakifa kwa njaa. Dylan aliimba Philadelphia pamoja na wapiga gitaa wawili mashuhuri, Keith Richards na Ron Wood. Nyuma yao, upande wa pili wa pazia, waimbaji wengine walikuwa wakijiandaa kwa wimbo wa mwisho, na watatu hawa hawakuweza kujisikia vizuri. Uzi wa gitaa la Dylan ukakatika, Wood akampa la kwake. Kila mmoja alikwenda njia yake, na mamilioni ya watu duniani waliona. Lakini usiku ule haukupita bure. Dylan alisema jukwaani kwamba ingefaa sehemu ya fedha iwasaidie wakulima wa Marekani waliolemewa na madeni. Wako waliomlaumu kwa kuwataja mbele ya wenye njaa. Hata hivyo, kutokana na neno lile, mwezi Septemba mwaka uleule likazaliwa tamasha la kuwasaidia wakulima hao.

Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2004, Dylan mwenyewe ameeleza kwamba kufikia mwaka 1987 alijiona mtupu. Nyimbo zake zilikuwa kama za mtu mwingine, na alifikiri kuiacha kazi. Anasema kwamba nguvu zilimrudia jukwaani mjini Locarno, Uswisi. Mtu akijiandikia habari zake anaweza kuzipamba. Lakini tunajua alilolitenda: tarehe 7 Juni 1988, mjini Concord, California, alianza safari ambayo iliendelea karibu kila mwaka mpaka mwisho wa mwaka 2019. Miaka mingi aliimba mara 100 hivi kwa mwaka.

Hapa tunaanza kupata jibu la swali letu. Waimbaji wengi hupiga wimbo kama ulivyo katika santuri. Dylan hataki. Hubadili mwendo, hubadili sauti, pengine hubadili hata maneno. Akiwa peke yake na gitaa, kubadili si kazi. Akiwa na bendi, wenzake lazima wamwangalie daima, wajue anakwenda wapi. Wakimfuata vema, wasikilizaji hupata kitu ambacho hakijawahi kusikika. Wakimpoteza, wimbo huvunjika mbele ya watu. Tena, atendaye kazi mara 100 kwa mwaka hakosi kuchoka.

Tulinganishe nyakati mbili. Tarehe 20 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, Dylan alipewa tuzo mjini New York kwa kazi ya maisha yake. Aliimba wimbo wake wa zamani wa kupinga vita, lakini kwa haraka na kwa kumung'unya maneno, hata watu wengi hawakuutambua. Mei 1994, mjini Nara, Japani, aliimba pamoja na kundi kubwa la wapiga vinanda na fidla. Hapo hakuweza kwenda apendavyo. Ilimbidi afuate mpango, naye aliimba kwa uangalifu mkubwa na akasifiwa sana.

Mwaka 1997 aliugua vibaya, ugonjwa ulioshika mfuko wa moyo, lakini akarudi kazini mwaka uleule. Kuanzia mwaka 2002 alizoea kupiga kinanda zaidi kuliko gitaa. Sauti yake ilikwaruza kwa umri. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, na katika hotuba yake ya mwaka 2017 alisema kwamba nyimbo hutungwa ili ziimbwe, si ili zisomwe. Novemba 2021 alianza kusafiri tena, na mwaka 2025, akiwa na miaka 84, alikuwa bado akipanda jukwaani.

Ndugu wasikilizaji, turudi kwenye deni lile. Mwimbaji hana deni la kuirudia santuri, kwa kuwa santuri msikilizaji anayo nyumbani. Hata hivyo ana deni la kujitahidi. Manchester mwaka 1966 Dylan aliwaudhi watu huku akijitahidi kwa nguvu zote. Huko si kuwadhulumu. Lakini yako majira ambayo maneno yalimezwa na nyimbo zikapitishwa haraka, na huo tusiuite ufundi. Aliyelipa ana haki ya kunung'unika. Mtu mmoja anaweza kuwa na siku za namna zote mbili, na historia ya haki huziandika zote.

MASWALI KWA DARASA

1. Taja sababu tatu zinazotolewa kueleza kwa nini watu walizomea Newport mwaka 1965. Je, zaweza kuwa kweli zote pamoja?
2. Kosa gani liliandikwa juu ya nakala za muziki wa Manchester? Mwanahistoria ajifunze nini hapo?
3. Kwa nini ni rahisi kuubadili wimbo ukiwa peke yako kuliko ukiwa na bendi?
4. Jadilianeni: mtu aliyelipa tiketi adai nini kwa mwimbaji?

Andikeni jibu la swali la nne katika madaftari, mistari sita. Mpaka juma lijalo, kwaherini.