Taa ya kiashiria kwenye gari: umeme uchukuliwe wapi?

Dereva anayeongeza taa za ukungu, feni au pampu kwenye gari lake kwa kawaida hutaka pia taa ndogo kwenye dashibodi ya kumwonyesha kwamba kifaa kimewashwa. Kuifunga si kazi kubwa. Kinachohitaji kufikiriwa ni mahali pa kuchukulia umeme wake, kwa sababu taa ya kiashiria hutoa habari za pale ilipofungwa tu.

Waya za gari la volti 12 ziko za aina tatu. Za kwanza zina umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Za pili hupata umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC, na za tatu ukiwa kwenye ON. Magari ya Japani yameandikwa hivyo kwenye swichi ya ufunguo. Kwenye michoro ya magari ya Ujerumani utakuta namba: 30 ni umeme wa moja kwa moja wa betri, 15 ni ule unaopita kwenye ufunguo, na 31 ni ethi, yaani bodi ya gari.

Fundi akidhani ameshika waya wa ACC kumbe ameshika ule wa moja kwa moja, taa itawaka usiku na mchana. Balbu ndogo ya dashibodi ya wati 1.2 hula ampea 0.1. Kwa siku kumi gari likiwa limeegeshwa, hizo ni ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 45. Kwa hiyo pima kwanza kwa mita: ufunguo ukiwa nje, kwenye ACC, kwenye ON, kisha mtu apige stata. Waya wa ACC kwa kawaida hukata umeme wakati wa stata. Wa ON unaolisha injini haukati.

Chukua sasa mfano wa taa mbili za ukungu za wati 55 kila moja. Zinavuta zaidi ya ampea 9, mzigo ambao hautakiwi kupita kwenye swichi ndogo ya dashibodi, ndiyo maana hufungwa rilei. Swichi huamsha koili kwenye miguu 85 na 86. Umeme mkubwa huingia mguu wa 30 na kutokea 87. Wengi hufunga kiashiria kwenye waya wa swichi kwa sababu uko karibu. Lakini hapo kitakuambia tu kwamba umebonyeza swichi. Fyuzi ya taa ikiungua, au rilei ikiharibika, kiashiria kitaendelea kuwaka na wewe utaendesha kwenye ukungu ukiamini unaonekana.

Ni afadhali kukifunga kwenye 87, hata kama waya utakuwa mrefu. Hata hapo hakitakuonyesha balbu iliyoungua, ila kitathibitisha kwamba umeme umetoka kwenye rilei. Waya huo mwembamba upewe fyuzi yake ya ampea 1 au 2, karibu kabisa na rilei. Fyuzi ya ampea 15 inayolinda taa za ukungu haiulindi: waya mwembamba ukichunika na kugusa bodi, unaweza kuyeyuka na kuwasha moto kabla fyuzi kubwa haijakatika.

Ukitumia LED badala ya balbu, lazima iwe na resista. Injini ikizunguka, umeme hufika takriban volti 14.4, na LED nyekundu hutumia kama volti 2. Volti 12.4 zinazobaki, kwa resista ya omu 680, hupitisha miliampea 18, kiasi kinachofaa. Chagua resista ya nusu wati. Kwenye lori la volti 24 tumia omu 1,500 na resista ya wati 1. LED nyingi za dukani zilizoandikwa volti 12 tayari zina resista ndani.

Kuna taa za dashibodi ambazo hazitakiwi kubadilishwa ovyo. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme unaopita kwenye taa nyekundu ya chaji ndio unaoiamsha altaneta. Balbu hiyo ikiungua, au ikibadilishwa kuwa LED bila resista sambamba, altaneta inaweza isianze kuchaji. Magari mengine ya zamani yana taa moja tu kwa indiketa za pande zote mbili. Balbu yake imefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, na hupata ethi kupitia balbu za upande usiowaka. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo ikiwekwa hapo itaonyesha indiketa za upande mmoja.

Usidhani pia kwamba swichi zote hukata upande wa chanya. Baadhi ya Toyota za zamani, kama Hilux na Land Cruiser, hukata taa za mbele upande wa hasi, na kiashiria kilichofungwa kwa mazoea kitafanya kinyume cha ulichotaka.

Kwenye magari mapya yenye kompyuta za kuendesha taa, usidukue waya zinazotoka kwenye kompyuta hizo. Chukua umeme kwenye sanduku la fyuzi. Waya zenye mpira au soketi ya njano chini ya usukani mara nyingi ni za eabegi. Hizo usizipime kwa testa ya balbu wala usizikate, hata betri ikiwa imetolewa.