Uzi: Nani hufungua lango la maji?

Juzi kwenye matanga kule Nyamira mheshimiwa mmoja alisema tutaacha kununua mchele wa nje. Tutachimba mifereji, tumwage mbegu shambani moja kwa moja, basi. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Halafu nikarudi chuoni nikasoma historia ya Mwea, na sasa nina swali ambalo sijalisikia kwenye mdahalo wowote: nani atafungua lango la maji, na nani atachagua mbegu?

Msiniambie haituhusu kwa sababu sisi ni watu wa chai na ndizi. Mto Gucha huanzia vilima vya Nyamira, hupita Kisii, na ukifika Migori unaitwa Kuja. Kule Nyatike ndio unaonyeshea mpunga wa mradi wa Lower Kuja.

Sasa Mwea. Mifereji ya kwanza ilichimbwa miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na watu waliokuwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau. Baadaye mkulima alipewa ekari 4, lakini kama mpangaji tu. Uhuru ukaja, mpango ukabaki vilevile. Sheria ya 1966 iliunda Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, na bodi ikaamua yote: trekta inaingia lini, maji yanafunguliwa lini, mbegu gani inapandwa. Mpunga ulinunuliwa na bodi hiyohiyo, gharama zikakatwa kwanza, mkulima akapewa kilichobaki.

Hapo ndipo mbegu inakuwa siasa. Pishori, yaani Basmati 217 na 370, inanukia na ina bei, lakini mavuno ni madogo na shina lake refu hulala upepo ukivuma. IR 2793 na BW 196 hujaza magunia, ila sokoni hazina jina. Anayehesabu magunia ya taifa atachagua hizi. Mama anayehesabu karo atachagua pishori.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima wa Mwea walichoka. Wakakataa kupeleka mpunga kwa bodi, wakauza kupitia ushirika wao. Soko walilishinda, lakini maji yakawashinda wao. Waliokuwa nje ya mradi, wale walioitwa "jua kali", nao wakavuta maji mashambani mwao, na wa mwisho wa mfereji wakabaki wanaangalia matope yakipasuka. Baada ya miaka michache bodi ilirudi, safari hii ikishika mifereji mikuu, na midogo ikawa chini ya vyama vya watumiaji maji. Kwa majirani zetu wa Ahero na West Kano mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kule maji hupandishwa kwa pampu. Karibu na mwaka 2000 miradi yote miwili ilisimama, na ikakaa hivyo miaka kadhaa.

Turudi kwa ile "mwaga mbegu". Kawaida mpunga huanzia kitaluni, kisha unapandikizwa ukiwa tayari umewazidi magugu urefu, na maji yanayazamisha. Ukimwaga mbegu moja kwa moja unaokoa vibarua, kweli, lakini mbegu na magugu vinaanza mbio pamoja. Maji yakija mengi mapema, mbegu inaoza. Yakichelewa, magugu yanatangulia. Shamba lazima liwe tambarare kabisa, mbegu iwe ya kuchipuka haraka na shina fupi (pishori sio hiyo), na uweze kuingiza na kutoa maji siku unayotaka wewe, sio siku ya zamu yako.

Sheria ya 1966 ilibadilishwa 2019, na Bwawa la Thiba likafunguliwa 2022, kwa hivyo maji Mwea yameongezeka. Zamu bado zipo. Mheshimiwa akirudi kwenye matanga mengine, mtu amuulize: zile wiki tatu za kwanza, ufunguo wa lango utakuwa mfukoni mwa nani?

(Hadithi ya chai yetu na mchele wa Pakistan ni uzi mwingine. Nitaandika baada ya mitihani.)