Uvimbe wa Ziwa kwa Mama Anyonyeshaye, na Habari Zake Magomeni ya Kilosa

Uvimbe wa ziwa ni maradhi yampatayo mama anyonyeshaye, aghalabu katika majuma ya mwanzo baada ya kujifungua na zaidi katika juma la pili na la tatu, ambapo sehemu ya ziwa moja, na kwa nadra yote mawili, hukaza, hupata moto na kuuma hata kanga ikiligusa huwa ni adha, kisha homa ikafuata, na baridi ya kutetemesha, na viungo vikalegea kama vya mtu aliyetoka safari ya siku tatu kwa miguu. Katika Kiswahili ziwa ndilo jina la kiungo, na maziwa ndilo jina la kitokacho humo. Nao ushirika huo wa jina wafaa kukumbukwa tangu mwanzo, kwa sababu maradhi haya kwa sehemu kubwa huanza pale maziwa yanapotuama ndani ya ziwa kama maji ya bonde yasiyopata mkondo. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya maradhi haya, lilieleza kuwa hesabu zilizokusanywa katika nchi mbalimbali huanzia mama wachache na kufikia 33 katika kila 100 wanyonyeshao, ingawa mara nyingi ni chini ya 10. Kwa hiyo si jambo la ajabu, wala si aibu, wala si dalili kwamba mama hafai kunyonyesha.

Magomeni ikusudiwayo hapa si ile ya Dar es Salaam iliyo mashuhuri zaidi, bali ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, jirani na mji wa Kilosa wenyewe, katika nchi ambayo reli ya kati hulifuata bonde la mto Mkondoa ikipanda kuelekea Dodoma. Riziki ya wengi katika wilaya hiyo ni shamba: mahindi, mpunga, ufuta, na kwa upande wa Kimamba na Rudewa mkonge wa mashamba makubwa. Mto huo huo uwalishao watu huwa hasimu mvua zinapozidi, kama ulivyofanya mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010, ulipozivunja kingo zake, ukaikata reli, na kuwaacha maelfu ya watu wa Kilosa wakilala katika mahema. Naitaja habari hiyo kwa sababu mama mzazi aliyehamishwa nyumbani kwake hupoteza vitu viwili ambavyo ziwa lake lavihitaji kabla ya dawa yoyote, navyo ni faragha ya kumpakata mtoto kila atakapo kunyonya, na jamaa wa kumpokea kazi.

Lakini gharika huja mwaka mmoja na kukosa mingine, hali palizi haikosi. Mvua zikishakolea, mama aliyejifungua majuma machache nyuma huamka alfajiri, akamnyonyesha mtoto kwa haraka, akamwacha kwa bibi yake au kwa dada mdogo mwenye kumbembeleza kwa uji, naye akaenda kuinama juu ya jembe hadi jua la utosi. Arudipo maziwa yamejaa, yamekaza, na kanga aliyojifunga kifuani ili yasimwagike imezibana njia ambazo zilikuwa tayari nyembamba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja, na humtaka mwajiri ampe anyonyeshaye nafasi isiyozidi saa mbili kwa siku amnyonyeshe mwanawe; ni sheria njema, ila mwenye kulima shamba lake mwenyewe mwajiri wake ni mvua, na mvua haiombwi ruhusa. Faraja yake ipo kwa mume, mawifi na majirani, na kwa rai yangu hakuna msaada wa palizi ulio bora kuliko ule apewao mama katika siku zake arobaini na majuma yafuatayo.

Sababu nyingine hutokana na namna mtoto ashikavyo ziwa. Mtoto akiikamata ncha ya chuchu peke yake, badala ya kufungua kinywa sana na kuchukua pamoja nayo weusi uizungukao, chuchu hupasuka nyufa, na maziwa hayatoki vizuri. Basi huja mambo mawili kwa pamoja, maziwa kutuama na mlango kufunguka kwa vijidudu. Kuachisha mtoto ghafula, kulalia ziwa moja usiku kucha na kubanwa na nguo huzidisha. Wako pia mama ambao maziwa yao ni mengi kupita haja ya mtoto, na hao, kwa kuogopa kujaa, hukamua mara kwa mara, wakaliamuru ziwa bila kujua litengeneze mengi zaidi.

Juu ya asili ya uvimbe huu yako maelezo ya kale ambayo msomaji atayasikia Kilosa kama anavyoyasikia kwingi Afrika ya Mashariki. Wako wasemao mtoto amebeua akiwa ziwani, pumzi yake ikaingia ndani na kulivimbisha. Na dawa yao ni kulichana ziwa kwa kitana, kutoka juu kushuka kwenye chuchu. Wako wasemao ni jicho la hasidi. Pumzi ya mtoto haiingii ziwani, na kitana hakifungui njia. Lakini mwenye kuyasema hayo aghalabu ni bibi aliyekesha na mzazi usiku mzima, naye astahili kujibiwa kwa adabu.

Jambo lenye uzito zaidi ni kukanda. Desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto, tumbo, mgongo na viungo, ni katika mapenzi makubwa ambayo wanawake wa nchi hizi hutendeana. Mzazi huoshwa, hukandwa, huvikwa, hulishwa uji na mchuzi wa moto, akalala kama mtoto wa pili wa nyumba hiyo. Sina neno baya juu ya mapenzi hayo. Tatizo huanza mkono ule ule wenye nguvu uhamiapo ziwani, ukaliminya bonge gumu kwa nia ya kulivunja, huku mama akiuma kanga kwa maumivu. Bonge lile si donge la maziwa yaliyoganda kama ilivyodhaniwa zamani. Kwa sehemu kubwa ni nyama za ziwa zilizovimba, maji na damu vikizibana njia za maziwa kutoka nje yake. Kuzikanda kwa nguvu ni kama kukanda kifundo kilichoteguka: mishipa midogo hupasuka, uvimbe ukazidi, na lililokuwa tabu ya siku mbili likawa maradhi ya juma.

Matabibu wenyewe walichelewa kuyajua hayo, na kwa miaka mingi vitabu vyao vilishauri maji ya moto, kukanda, na kulikamua ziwa hadi tone la mwisho. Mnamo mwaka 1984 Thomsen na wenzake wa Denmark, kwa kuhesabu chembe nyeupe na vijidudu vilivyomo katika maziwa, waliwagawa wagonjwa katika mafungu matatu: waliotuamiwa na maziwa tu, waliovimba pasipo vijidudu, na walioingiliwa na vijidudu, wakaona kwamba wa fungu la tatu walipona vyema zaidi walipopewa dawa ya kuua vijidudu pamoja na kutolewa maziwa. Kisha mwaka 2022 jumuiya ya matabibu wa unyonyeshaji iitwayo Academy of Breastfeeding Medicine ilitoa mwongozo uliogeuza mengi: mtoto anyonye kwa kadiri ya haja yake, ziwa lisikamuliwe kupita kiasi, lisikandwe kwa nguvu, na badala ya moto liwekewe baridi. Mkono ukipita, upite juu ya ngozi kwa wepesi, kama mtu apangusaye vumbi juu ya msahafu, kuelekea kwapani na kwenye mtulinga ambako maji ya uvimbe hupata njia.

Barafu si lazima. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini hutoa maji baridi ya kutosha. Kitambaa safi hulowekwa humo, kikakamuliwa, kikawekwa juu ya ziwa kwa muda wa dakika kumi au ishirini baada ya kunyonyesha, na hurudiwa mara kadhaa kwa siku. Jani la kabichi lisifiwalo na wengi hufanya kazi kwa ubaridi wake, wala halina dhara ngozi ikiwa haina jeraha. Parasetamoli hupunguza maumivu na homa, na ibuprofeni hupunguza uvimbe wenyewe, nazo zote mbili hazimdhuru mtoto anyonyaye. Mama anywe maji kila aonapo kiu, alale, aondolewe ndoo na jembe. Na katika uvimbe usio na vijidudu mambo hayo pekee hutosha, hali ikaanza kulegea baada ya siku moja hivi.

Mtoto asiachishwe. Hili nalisema kwa msisitizo, maana shauri la kwanza la jirani mwenye huruma ni kwamba maziwa yameharibika. Maziwa ya ziwa lililovimba hayamdhuru mtoto aliyetimia miezi na mwenye afya, na kuacha kumnyonyesha ghafula hufunga mkondo kabisa. Kweli ladha yake hubadilika: njia za ziwa zikivimba, chumvi ya damuni hupenya ndani ya maziwa, na mtoto huionja, akageuza uso. Chumvi hiyo imewafaa wataalamu, kwani hupimwa ili kuutambua uvimbe uliojificha ambao mama hausikii. Uchunguzi uliochapwa mwaka 1999 juu ya wanawake wa Tanzania, baadhi yao wakiwa wamepewa mafuta ya alizeti na wengine mafuta ya mawese tangu miezi ya mwisho ya mimba, ulionyesha kuwa alizeti, yenye vitamini E kwa wingi, ilipunguza uvimbe huo. Alizeti hukamuliwa humu humu nchini, na chupa yake haikosekani sokoni.

Penye shida kubwa zaidi kwa mama wa Kilosa ni kuutambua ugonjwa. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu, na muuguzi aliyefundishwa kutafuta wekundu katika ngozi nyeusi huenda asiuone. Huko dalili za kuaminika ni joto chini ya kiganja, mng'ao wa ngozi iliyovutika, ugumu wa upande mmoja, na uchungu. Tena Kilosa ni nchi ya malaria, na homa yenye kutetemesha katika nchi ya malaria ina jina lake tayari kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Mama hupimwa kwa kipimo cha haraka, na majibu yakionyesha vimelea hupewa dawa ya malaria, wala hakuna aliyemwambia afungue kifua. Kumbe malaria na uvimbe wa ziwa huweza kukaa katika mwili mmoja. Kila mama aliye chini ya siku 42 tangu kujifungua, akipata homa, aulizwe habari za maziwa yake, na aangaliwe tumbo la uzazi pia, kwa kuwa homa ya uzazi huua. Utaratibu wa Tanzania humtaka mzazi aonekane kliniki ndani ya saa 48, kisha siku ya 3 hadi 7, ya 8 hadi 28, na ya 29 hadi 42. Na hudhurio la tatu, ambalo wengi huliacha kwa kuwa mtoto haonekani kuwa na neno, ndilo liangukalo ndani ya majuma ya hatari.

Homa isipopungua baada ya saa 24, au mama akizidi kuzorota, au chuchu ikiwa na jeraha lenye usaha, dawa ya vijidudu ni wajibu. Kijidudu kikuu ni stafilokoki, ambacho tabibu wa upasuaji Alexander Ogston wa Aberdeen alikitoa katika usaha wa majipu na kukipa jina miaka ya 1880, na ndicho kile kile ambacho Alexander Fleming alikiona kikifa pembeni ya ukungu mwaka 1928, penisilini ikajulikana. Tangu siku hizo kimejifunza kuivunja penisilini, na amoksilini pamoja nayo. Ndiyo sababu vidonge vya amoksilini vinunuliwavyo haraka katika duka la dawa muhimu mara nyingi humwacha mama pale pale, fedha zimekwisha na siku tatu zimepotea. Ifaayo ni flukloksasilini au kloksasilini, na kwa asiyepatana na penisilini eritromisini, kwa siku 10 hadi 14 kama atakavyoandika tabibu; nayo imalizwe, hata homa ikiondoka siku ya pili.

Uvimbe uliopuuzwa, au uliotibiwa nusu, huweza kufanya jipu. Bonge hubaki, likawa na kitu kama maji ndani yake, na homa hurudi. Hapo zahanati haitoshi, na safari ni ya Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, au kwa walio upande wa kusini Hospitali ya Mtakatifu Kizito, Mikumi. Zamani jipu lilipasuliwa kwa kisu, mama akalazwa usingizi, na kovu likabaki. Siku hizi, panapo kifaa cha altrasaundi, usaha huvutwa kwa sindano, na hurudiwa kila unapojaa, naye mama akaendelea kunyonyesha. Bonge lisiloondoka baada ya majuma machache ya tiba lisiachwe kwa kudhaniwa ni maziwa, kwani saratani ya ziwa huweza kujificha chini ya sura hiyo.

Mama aishiye na virusi vya UKIMWI ana hukumu ya peke yake, kwa kuwa ziwa lenye uvimbe hupitisha virusi vingi zaidi katika maziwa. Asikawie hata siku moja kumwona mhudumu wake, asiache dawa zake za kila siku, na mtoto anyonye ziwa zima huku lile lenye maradhi likikamuliwa kwa upole na maziwa yake kumwagwa, mpaka aambiwe limepona.

Kupona hakuji kwa usawa. Homa hutangulia kuondoka, maumivu hufuata, ugumu ukabaki siku kadhaa, na ziwa lililougua hutoa maziwa machache kuliko mwenzake. Mama wengi hulia katika siku hizo, si kwa maumivu, bali kwa kudhani wamefika mwisho. Hawajafika. Mtoto apewe ziwa hilo akiwa na usingizi nusu, katika giza la alfajiri, akilazwa kifuani ngozi kwa ngozi. Na chumvi ikishajitenga na maziwa, yule aliyekuwa akiligeuzia uso hulishika tena, akanyonya mpaka akalala.