Mwamba Nyuma ya Kioo

Watu wa mwambao na visiwa wamejenga kwa matumbawe tangu enzi za mababu. Kuta za nyumba zetu kongwe ni mawe yaliyochimbwa katika ardhi ambayo zamani za kale ilikuwa mwamba wa bahari. Na pale fundi alipotaka jiwe laini la nakshi, aliagiza tumbawe bichi lililokatwa majini, akalichonga kabla halijakauka likawa gumu. Maandishi ya Kikufi katika kibla cha msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, yamechongwa katika jiwe la matumbawe. Hata chokaa iliyoyashika mawe hayo ilikuwa ni tumbawe lililopangwa juu ya magogo, likachomwa, likamwagiwa maji, kisha likaachwa lilale hata likomae.

Kwa hiyo sisi tumelijua tumbawe zaidi likiwa limekufa. Makala haya yanahusu watu waliojaribu kinyume chake: kuujenga mwamba ulio hai juu ya nchi kavu, ndani ya kioo, ili umma uje kuutazama. Kazi hiyo imechukua zaidi ya karne moja na nusu, na historia yake ina funzo ambalo wakaao kando ya bahari hawana budi kulisikia. Kila aliyejaribu kuujenga mwamba aligundua kazi nyingine ambayo bahari ilikuwa ikiifanya bure.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo. Mwaka 1846 Bibi Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alichukua matumbawe madogo ya bahari ya baridi kutoka pwani ya Torquay, kusini-magharibi ya Uingereza, akayapeleka nyumbani kwake London. Mjini bahari haikuwapo, na maji ya chumvi yaliyotuama huoza upesi. Bibi yule akaamuru maji yawe yakimiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi kila siku, ili yapate hewa. Aliyemimina ni mtumishi wa nyumbani, ambaye katika habari hii hutajwa kwa kazi yake tu. Matumbawe yaliishi kwa miaka, yakazaana, na maelezo ya Bibi Thynne yakachapishwa mwaka 1859. Pampu ya kwanza ya mwamba wa ndani ya nyumba, basi, ilikuwa mikono ya mwanamke mfanyakazi, na kazi ya kwanza ya bahari iliyogunduliwa ni mwendo: wimbi haliendi na kurudi kwa mchezo, bali huvipelekea pumzi viumbe visivyoweza kutembea.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya umma ya kutazamia viumbe wa majini, kwa msaada wa mtaalamu Philip Henry Gosse. Mwaka uliofuata Gosse alitoa kitabu kilichowatia Waingereza wazimu wa kufuga viumbe wa bahari. Watu walishuka pwani na ndoo na patasi, wakapekua kila dimbwi lililoachwa na maji kupwa. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 katika kumbukumbu zake kwamba madimbwi yale ambayo baba yake aliyasifu yalikuwa yamekwisha kuharibiwa na wakusanyaji. Tangu siku za mwanzo, basi, kioo kilikuwa na nyuso mbili: kilifundisha kupenda, na kilifundisha kuchukua.

Samaki wa nchi za joto walifuata katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, lakini mwamba wenyewe ulikataa. Kwa miongo mingi mgeni aliyelipa kiingilio alioneshwa samaki hai wakiogelea kati ya mifupa ya matumbawe iliyosuguliwa ikawa myeupe, au kati ya saruji iliyopakwa rangi. Alidhani anatazama mwamba, kumbe anatazama makaburi yake.

Sababu ya kushindwa ilikuwa ndani ya tumbawe lenyewe. Tumbawe ni jamii ya vinyama vidogo sana vinavyojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao wamo wapangaji: mwani wa chembe moja usioonekana kwa jicho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenye nyumba. Katika msafara wa mwaka 1928 na 1929 kwenye visiwa vya Low Isles, Australia, ulioongozwa na Maurice Yonge, wataalamu waliyafungia matumbawe gizani, wakaona yakimtoa mpangaji wake na kupauka. Tumbawe hutaka jua kama shamba linavyotaka jua. Na juu ya hayo hutaka maji maskini, yasiyo na rutuba, kwa kuwa penye rutuba nyingi magugu ya baharini hulifunika likafa. Sasa tia samaki katika hodhi, uwalishe, nao wanye humo humo. Kadiri siku zinavyopita maji yananenepa. Chujio za zamani ziliweza kuibadili sumu ya kinyesi ikawa isiyoua samaki, lakini rutuba ilibaki palepale. Bahari husafisha bila kuonekana. Binadamu alipojaribu kusafisha, hakujua autupe wapi uchafu.

Waliofungua njia walikuwa watu walioishi karibu na miamba. Mwaka 1956 René Catala na mkewe Catherine Stucki walifungua nyumba yao ya maonyesho mjini Nouméa, Kaledonia Mpya, katika Pasifiki, wakiyaacha maji ya bahari yapite moja kwa moja na jua liingie. Matumbawe yakaishi, na walipoyamulikia mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho yakawaka rangi ambazo hakuna aliyezitarajia. Mjini Jakarta, Lee Chin Eng aliandika mwaka 1961 kwamba yeye hutumia mawe yaliyotolewa mwambani pamoja na viumbe wake wote, mapovu ya hewa, na jua, basi. Wenye mitambo walikawia kumsikiliza. Lakini alikuwa amegundua kwamba jiwe la mwambani si pambo. Katika vitundu vyake wamo wafagiaji wasiohesabika, na ukilisugua likawa jeupe umewafukuza wafanyakazi wako wote.

Swali lililobaki lilikuwa la ukubwa. Je, mwamba waweza kusimama mbali na maji ya kupita, katika hodhi lililofungwa? Katika Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, Walter Adey alionesha mwaka 1980 mwamba mdogo ulio hai ndani ya jumba la makumbusho. Ufumbuzi wake ulikuwa wa kumfanya adui kuwa mtumishi: maji yalipitishwa kwa mawimbi madogo juu ya sinia zenye wavu, mwani ukaota humo chini ya taa na kuila rutuba, kisha ukakwanguliwa na kutupwa. Palipovunwa mwani katika sinia, haukupata nguvu ya kuyafunika matumbawe.

Wazo hilo lilichukuliwa na wajenzi wa Townsville, kaskazini-mashariki ya Australia, ambako mamlaka ya hifadhi ya Great Barrier Reef, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, ina makao yake. Mwamba wenyewe uko mbali na pwani ya mji huo, na mzee asiyeweza kuogelea, mtoto mdogo au mtu mwenye ulemavu hakuwa na njia ya kuuona. Mwaka 1987 likafunguliwa hodhi lenye urefu wa mita zipatazo 38 na upana wa mita 17, lenye maji lita milioni 2.5, likijulikana kuwa mwamba hai mkubwa kuliko yote iliyopata kuwekwa kiooni. Halikuezekwa, ili lipate jua lenyewe; likawekewa mtambo wa kutengeneza mawimbi; na sinia za Adey zikapewa kazi ya kusafisha. Sinia hizo hazikuwa neno la mwisho, na baadaye njia za kusafisha zilibadilishwa. Mwaka 2021 jengo lilifungwa kwa ajili ya matengenezo makubwa. Bahari haijafungwa siku hata moja kwa matengenezo.

Iko kazi nyingine ambayo sisi wa nyumba za mawe tutaielewa upesi. Tumbawe likikua hunywa chokaa iliyoyeyuka majini, na katika hodhi chokaa hiyo huisha. Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens aliwafundisha wafugaji wa Ulaya kuirudisha kwa kutia maji ya chokaa, na mahodhi mengi hadi leo hulishwa hayo au madini ya namna yake. Mababu zetu walilichoma tumbawe wapate chokaa. Hawa huyeyusha chokaa wapate tumbawe. Ni safari ile ile iliyogeuzwa nyuma mbele, na aliyewahi kuona tanuu likiwaka anajua ipi kati ya hizo mbili ndiyo ya haraka.

Hata mwezi umebidi kutengenezwa. Matumbawe mengi humwaga mbegu zao kwa pamoja, katika usiku mchache wa mwaka unaopangwa na joto la maji na hesabu ya mwezi. Jambo hilo lilibainishwa kwa undani na watafiti wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mvuvi anayehesabu bamvua na maji mafu hatashangaa kwamba tumbawe nalo lina kalenda. Lakini nyumba za kioo za Ulaya hazina mwezi. Kuanzia mwaka 2012, katika jumba la makumbusho la Horniman mjini London, kundi la Jamie Craggs lilipanga taa za kuiga jua na mbalamwezi, likapandisha na kushusha joto la maji kufuata majira ya mwamba wa asili, na mwaka 2017 likatangaza kwamba matumbawe yao yamemwaga mbegu kwa wakati uliotarajiwa. Ulikuwa mji ule ule ambamo mtumishi wa Bibi Thynne alimimina maji mbele ya dirisha. Kutoka pumzi hadi mwezi, safari imechukua miaka 171.

Mimi kazi yangu ni kufasiri, na mfasiri huijua hali hii. Huanza akidhani kwamba shairi ni maneno, ayachukue ayahamishe. Kisha hugundua kwamba shairi ni mizani, ni vina, ni pumzi ya msomaji, ni desturi za watu walioliimba, na kwamba kila alichokiacha nyuma kilikuwa kimebeba kitu. Hodhi la Townsville ni tafsiri nzuri, nami naiheshimu. Lakini tafsiri huishi kwa kuwa asili ipo ya kurejewa. Asili ikipotea, tafsiri hugeuka kuwa kumbukumbu ya marehemu.

Na asili imo hatarini. Maji yakizidi joto kwa majuma, tumbawe humtoa mpangaji wake hata katikati ya jua, likapauka, na joto likidumu hufa njaa. Mwaka 1998 balaa hiyo iliipiga vibaya miamba ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ya kwetu ikiwamo. Mwamba wa Australia ulipauka mwaka huo huo, kisha 2002, 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Ndipo mahodhi yalipopata kazi ambayo Gosse hakuiota. Tangu mwaka 2018 matumbawe ya Florida yamekusanywa kabla maradhi hayajayafikia, yakagawiwa nyumba za maonyesho katika majimbo mbalimbali ya Marekani, mengine yasiyo na pwani. Mwaka 2019 karibu na Tampa, kwa ushirikiano na wale wa Horniman, tumbawe la Atlantiki lilizalishwa kwa mara ya kwanza chini ya taa. Na katika joto kali la Julai 2023 matumbawe yaliyokuwa yakikuzwa baharini huko Florida yalitolewa yakakimbiziwa mahodhi ya nchi kavu. Ilikuwa bahari iliyowaua, na kioo kilichowahifadhi.

Hayo ni mema, lakini tusidanganyike na hesabu. Lita milioni 2.5 ni nyingi kwa mhandisi, ila mbele ya mwamba wa asili ni chache mno. Safina huwachukua wachache, nayo hujengwa kwa nia ya kutua. Mwenye kusema kwamba mwamba ukifa tutakuwa nao kiooni hajasoma historia ya kioo. Maana historia hiyo yote ni orodha ya mambo tuliyoyakosa: mwendo, nuru, wafagiaji, chokaa, mwezi. Na orodha haijafungwa.

Kwetu, Chumbe imeonesha njia nyingine. Mwaka 1994 mwamba wa kisiwa hicho kidogo, karibu na mji wa Unguja, uliwekwa kuwa hifadhi isiyovuliwa, na waliokuwa wavuvi wakafanywa walinzi wake. Watoto wa shule huvushwa, wakavalishwa miwani ya kuzamia, wakatia nyuso zao majini. Hakuna pampu wala taa, na mwezi huja wenyewe.

Hata hivyo wako watoto wengi wa visiwa hivi walalao ndani ya kuta za matumbawe, wasikiao mwamba ukinguruma wakati wa kusi, ambao hawajapata kuliona tumbawe hai. Wanaujua mwamba chini kuliko mtoto wa mbali aliyelipiwa tikiti. Hao hatuhitaji kuwajengea hodhi. Tuwafundishe kuogelea, tuwatafutie mashua na miwani, na tuwapeleke wakati mwamba ungalipo, kwa sababu mtu hulinda alichokiona kwa macho yake.