Setilaiti Iliyoitwa Uhuru na Swali la Nambari za Ulimwengu

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, nizungumzie swali la fizikia ambalo historia yake inapita Malindi.

Karibu kila programu ina faili la mipangilio. Badilisha nambari moja humo, na programu inaweza kukataa kabisa kuwaka. Ulimwengu nao una nambari zake: nguvu ya uvutano, uzito wa elektroni, nguvu inayoshikilia kiini cha atomu. Tunazipima, lakini hakuna nadharia iliyothibitishwa inayoeleza kwa nini ziko hivyo zilivyo. Baadhi yake zingetofautiana kidogo tu, pengine kusingekuwa na nyota wala kaboni, na mimi na wewe tusingekuwepo kuuliza.

Hili si soga tupu. Mwaka 1953 Fred Hoyle wa Uingereza alifikiri hivi: kaboni ipo kwa wingi na inapikwa ndani ya nyota, kwa hiyo kiini chake lazima kiwe na kiwango fulani maalumu cha nishati. Wanafizikia wa Caltech kule Marekani wakapima, wakakikuta.

Basi nani aliziseti nambari hizi? Wapo wanaojibu kwamba ni Mungu. Hilo ni la imani, nami sibishani na imani ya mtu. Jibu la pili linatokana na wazo ambalo Brandon Carter alilieleza mwaka 1973 kwenye mkutano wa Kraków. Nenda Kenyatta Market hapa Nairobi, uwaulize akina dada walioketi kwenye vibanda vya wasusi kama wanapenda kusukwa. Karibu wote watasema ndiyo. Usitoke hapo ukitangaza kwamba Nairobi nzima inapenda kusukwa, maana umewauliza waliokwisha kujichagua wenyewe. Vivyo hivyo, kama kuna malimwengu mengi yenye nambari tofauti, sisi tungejikuta tu katika ule unaoruhusu uhai. Wazo ni zuri, ila malimwengu hayo mengine hakuna anayejua namna ya kuyaona.

Jibu la tatu linategemea mashimo meusi, na hapo ndipo Kenya inapoingia.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa ziada. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike ardhini. Wakaiita Uhuru, kwa heshima ya nchi iliyowapokea.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei. Ilionyesha kwamba chanzo kiitwacho Cygnus X-1 kinabadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa, kwa sababu hata mwanga huenda kilomita 300,000 tu kwa sekunde. Wanaastronomia walipompata mwenzake, nyota kubwa inayozungukana nacho, walikuta kina uzito mno kuwa nyota ya kawaida iliyokufa. Kikawa mgombea wa kwanza wa nguvu wa shimo jeusi. Uhuru pia iligundua kwamba Centaurus X-3, inayopiga kila baada ya sekunde 4.8, ni nyota ya nyutroni inayozungukana na nyota nyingine. Jozi za namna hiyo ndizo zinazotuwezesha kupima uzito wa nyota za nyutroni.

Mwaka 1992 Lee Smolin akaja na wazo la kushangaza: huenda kila shimo jeusi linazaa ulimwengu mpya, wenye nambari zilizobadilika kidogo. Malimwengu yenye mashimo meusi mengi yatakuwa na watoto wengi, kama katika mageuzi ya viumbe. Kwa hiyo nambari zetu zinapaswa kuwa zile zinazozalisha mashimo meusi kwa wingi.

Ila Smolin aliweka dau mezani. Kama yuko sahihi, nyota za nyutroni haziwezi kuwa nzito sana, kwani kikomo kikiwa chini nyota nyingi zaidi huishia kuwa mashimo meusi. Alitaja mara 1.6 ya uzito wa Jua. Mwaka 2010 ikapimwa moja yenye takriban 1.97. Smolin akakisogeza kikomo hadi kama 2. Baadaye nyingine ikapimwa karibu 2.08, yaani imekalia mstari wenyewe.

Wengine watamcheka. Mimi namheshimu, ingawa kikomo kinachosogezwa kila kipimo kipya kinapokuja mwishowe hakitakuwa kikomo tena. Sisi waandika programu tunajua kwamba jaribio lisiloweza kufeli si jaribio. Ukisikia maelezo yoyote ya asili ya ulimwengu, uliza kwanza: ni kipimo gani kingeyaangusha?

Na ukikuta jina kama 4U 1820-30 kwenye makala za astronomia, ujue hiyo U ni ya Uhuru.