Asili ya Vitabu Vyetu

Katika sikukuu hii ya jubilei twawakumbuka maaskofu na mapadre waliotutangulia, nayo ni haki. Lakini sisi makatekista, ambao kazi yetu ni kusoma mbele ya watu na kufundisha, twaona imetupasa kukumbuka pia asili ya vitabu tuvishikavyo mkononi.

Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Alikuwa daktari wa sheria, mtu wa vitabu tangu ujana wake. Angeweza kukaa kwao akawaandikia wenye elimu wenzake. Hapa Unguja elimu ile haikufaa kitu mpaka aipate lugha, basi akaketi kama mwanafunzi. Watu wa mji walimfundisha maneno, wakamsimulia hadithi, naye akaziandika kama walivyozisema. Hata mwaka 1870 vikatoka London vitabu viwili: kimoja cha kanuni za Kiswahili, cha pili cha hadithi za Waswahili. Tena mambo ya kanuni aliyaeleza wazi, hata mtu asiye mwanachuoni aweza kujifunza kwacho.

Hapa tuna neno la kusema, ambalo pengine wengine hawatalipenda. Waliomfundisha Kiswahili walikuwa Waislamu. Na kabla yake, huko Mombasa mwaka 1844, Krapf alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Watu hao hawakubatizwa, wala hawakuahidi kubatizwa. Walikuwa na ujuzi wa lugha yao, nao hawakumnyima mgeni. Kitabu kile cha hadithi chasema mbele kabisa ya kuwa zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Lakini jina tulijualo sote ni la Steere. Kila tusomapo Injili kanisani twatumia maneno waliyoyatoa, nasi ni haki tukiri deni letu.

Tena jambo moja la hasara. Waswahili walikuwa na maandiko yao tangu zamani, kwa herufi za Kiarabu. Herufi zile zilikuwa na taabu, maana Kiarabu hakina p wala ch, na irabu e na o hazina alama yake, hata neno moja laweza kusomwa namna mbili tatu. Steere akatumia herufi za Kirumi. Kwa watoto wa shule ilikuwa njia nyepesi. Lakini mzee wa mji aliyesoma chuoni tangu utoto, kitabu chetu kwake kilikuwa kimefungwa.

Kazi ya kupiga chapa ilifanywa Unguja kwenyewe. Steere aliijua kazi hiyo, akawafundisha vijana wa misheni, ambao wengi wao walikuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa. Si kazi nyepesi. Herufi za risasi huokotwa moja moja na kupangwa kinyume, kama maandiko yaonekanavyo katika kioo. Herufi moja ikikosewa, neno zima limeharibika. Mwaka 1867 mtambo huo ulikwisha kutoa kitabu cha maneno ya Kishambala. Steere alifariki Agosti 1882, naye alizikwa katika kanisa la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka wa pili yake Agano Jipya lote likatoka, na Biblia nzima mwaka 1891.

Bali sisi twalipenda zaidi lile la mwaka 1888. Mwaka huo likaanza kupigwa chapa Kiungani gazeti dogo liitwalo Msimulizi. Humo hakuwa Mzungu peke yake mwenye kusema. Walimu Waafrika waliotumwa bara, Magila, Masasi, Newala, walipeleka barua za habari za kwao: mvua, njaa, vita, safari, idadi ya wanafunzi. Vijana wa Kiungani walizisoma, nao walipotumwa bara wakaandika za kwao. Gazeti hilo lilidumu mpaka mwaka 1896.